Aliyeitika

Usiniulize mbele ya watu, Mwanamvua.
Mbele ya watu nina jibu la kuwapa,
limepigwa pasi, limekunjwa, linanukia udi.
Ngoja tufike mtoni tuoshe hizi ngozi.
Mkulumuzi una kelele za kutosha
kumficha mtu anayesema kweli.

Siku ile niliufunga mkuki kwenye mtalimbo wa baiskeli
kwa kamba ya katani,
nikatoka Ngamiani kabla ya adhana,
nikayapita mashamba ya mkonge, safu baada ya safu,
hadi Amboni, penye mdomo wa pango.
Mnyororo ulichomoka mara mbili.
Hilo hawalitaji kwenye hadithi.
Wanataja farasi.

Maalimu Shekue alikuwa ameshaninywesha kombe,
zafarani juu ya sahani nyeupe.
Padri Mhando alinivisha medali ya marehemu mama,
maana mama alikufa Mkristo, baba yu hai Mwislamu,
nami nikazaliwa katikati, kama mlango.
Mganga wa Kiomoni alidai jogoo mwekundu. Nikampa.
Aendaye kufa hapatani bei.

Niliporudi na damu ile nyeusi hadi viwikoni
wakanigombea kama kiwanja cha urithi.
Kamati ya msikiti ikasema: kombe.
Parokia ikasema: medali, na kapu likapitishwa
kwa ajili ya kusimamisha sanamu yangu.
Sanamu! Na pua hii.
Mganga hakusema kitu, alinyonya tu mfupa wa jogoo.

Siwadharau, usije ukanielewa vibaya.
Maalimu alimzika mkata mkonge asiye na ndugu
akamvisha kanzu yake mwenyewe.
Padri hushindia muhogo ili watoto wa kambini
wapate madaftari.
Watu ni wema. Nyumba ndizo zenye njaa,
daima kuna bati la kununua,
na shujaa ni bati zuri.

Sasa sikiliza.
Ndani, ukishazipita chupa za marashi
na sarafu za wenye haja zao,
mwenge ulizima.
Kombe lilikuwa limekwisha kuwa mkojo.
Medali ilikuwa baridi, basi.
Aya zote zilinitoka, hata zile fupi za chuoni.
Nikaita bila jina,
kama mtoto aitavyo usiku
asijue nani yu macho nyumbani:
Upo?

Kitu kikaitika.
Hakikunguruma. Waimbaji ndio walioongeza ngurumo.
Kiliitika kwa adabu, karibu na sikio:
Abee.
Kama mama akiwa jikoni, mikono ina unga.

Nami nikachoma pale ilipotokea sauti.

Tangu hapo siogopi chenye meno.
Yule nyoka wa Pangani nilimkata huku napiga miayo.
Naogopa nyumba ikinyamaza.
Naogopa mtu akiniita nikiwa nimempa mgongo.
Naogopa kwamba niliuliza, nikajibiwa,
nikaliua jibu.
Au lilikuwa dude tu, kweli,
lililojifunza sauti zetu kwa waombaji
waliokuja kulilia pale miaka nenda miaka rudi,
likawa linaturudishia kile tunachokitaka.
Sijui lipi baya zaidi.
Mifupa yake haikunieleza. Niliirudia, niliishika.

Bado naomba, ndiyo. Hapahapa, mikono ikiwa majini.
Siombi kitu.
Nanyamaza tu, nampa nafasi aanze Yeye kuita,
safari hii niitike mimi.
Hadi leo ni maji tu.

Ikamue vizuri hiyo ngozi, itaoza.
Kesho ni zamu yako; wanasema kuna kingine mle.
Mnyororo nimeupaka mafuta.
Kombe watakupa, kunywa, usiwavunje moyo.
Lakini ukiuliza huko gizani
na kitu kikakuitikia,
hesabu hadi tatu kwanza.
Hata mkono ukitetemeka.
Kisha uje uniambie
kilisema nini baada ya abee.